MBWA WA NDEGE NA NDEGE WA DIANI



Katika nchi ya Wadigo, tangu Likoni mpaka Msambweni na kuendelea hata Vanga, ni nadra kumpata mtoto wa shamba asiyemjua kwale. Ni ndege wa chini. Hutembea katika majani makavu kandokando ya makonde, na akishtuliwa huruka kwa kishindo, mbawa zikipiga kama mtu akung'utaye jamvi, kisha hushuka tena si mbali. Neno hilo hilo ndilo jina la mji wa serikali ulio juu ya vilima, na la kaunti nzima. Pamoja naye yuko kanga mwenye madoadoa, apendaye mahali peupe, na kororo, nduguye kanga, apendaye msitu mnene na mwenye shungi la manyoya yaliyojikunja kichwani. Ndege hawa watatu hula chini, hutaga chini, na nyama yao ni tamu. Kwa hiyo wamewindwa tangu zamani, na mara nyingi walipowindwa mbwa alikuwapo.

Katika Uingereza na Marekani wako watu walioungana katika vyama vya mbwa wa ndege, na vyama hivyo vimekuwa na sehemu yao katika kazi ya kuhifadhi wanyama na ndege wa porini. Mtu wa Diani au Ukunda akisikia habari hiyo aweza kustaajabu, akauliza: mwindaji atahifadhije kitu kile kile anachokiua? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa neno moja.

Kwanza yafaa ijulikane mbwa wa ndege ni mbwa wa namna gani. Hawi mbwa wa kukimbiza. Mbwa wa aina iitwayo pointa hupita uwandani mbele ya bwana wake akinusa upepo. Apatapo harufu ya ndege aliyejificha majanini, husimama ghafla, pua imenyoshwa, mguu mmoja pengine umeinuliwa, mkia umekaza. Naye hukaa hivyo hivyo bila kutikisika mpaka bwana wake afike. Hambweki ndege wala hamrukii. Wako wengine ambao kazi yao ni kumwokota ndege aliyeanguka na kumleta kinywani bila kumtafuna. Kumfunza mbwa hata akae hivyo huchukua miezi mingi, pengine miaka, kwa sababu anafundishwa kuishinda tabia aliyozaliwa nayo: pua inamwambia nenda, na bwana wake anamwambia ngoja.

Hayo ndiyo yaliyoanzisha mashindano. Mwaka 1865, mahali paitwapo Southill nchini Uingereza, watu waliwapeleka mbwa wao uwandani washindane mbele ya waamuzi. Mwaka 1874 jambo hilo hilo lilifanywa karibu na Memphis, nchini Marekani, na tangu mwaka 1896 wenye mbwa wa ndege wa nchi ile wamekuwa na shindano lao kubwa la taifa. Katika mengi ya mashindano ya Marekani ndege hauawi hata mmoja. Mbwa husimama, bwana wake humrusha ndege, bastola hupigwa bila risasi, na ndege huenda zake. Mwamuzi anataka kuona kama mbwa alitulia.

Lakini mashindano hayawezekani pasipo ndege, wala ndege hawapo pasipo vichaka vya kukaa. Wenye mbwa walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona kwamba ndege wanapungua, maana wao ndio waliokuwa wakitembea uwandani mwaka hata mwaka wakihesabu makundi. Mwaka 1924, wenye mashamba makubwa ya kuwindia katika majimbo ya Georgia na Florida walitoa fedha ili uchunguzi ufanywe juu ya ndege mmoja mdogo wa jamii ya tombo, ambaye ndiye hasa ndege wa mbwa wao. Kazi ilipewa mtu mmoja jina lake Herbert Stoddard, na kitabu chake kilitoka mwaka 1931. Aliyoyaona hayakuwapendeza wakubwa wa misitu. Wao walikuwa wakikataza moto kabisa. Yeye alionyesha kwamba katika misitu ile ya misonobari, moto mdogo uliowashwa kwa wakati wake na kwa uangalizi ndio uliowapa ndege chakula na mahali pa kutembea, na ulipokatazwa vichaka vilijifunga na ndege wakatoweka. Mkulima wa Afrika ambaye kwa miaka mingi ameambiwa kwamba kila moto ni uharibifu aweza kucheka kidogo akisikia habari hiyo, ingawa haimpi ruhusa ya kuwasha moto kandokando ya msitu wa Diani, ambao si wa misonobari na haukuumbwa kwa moto.

Kisha wawindaji walikubali kutozwa fedha. Tangu mwaka 1934, mtu wa Marekani atakaye kuwinda bata lazima anunue stempu ya serikali, ambayo kwanza ilikuwa dola moja, na fedha zake hutumika kununua na kulinda mabwawa wanamokaa ndege. Mwaka 1937 ilitungwa sheria nyingine ambayo kwa hiyo ushuru wa bunduki na risasi hupelekwa katika kazi ya kutunza wanyama wa porini. Huo ndio uhusiano wenyewe, nao haukutokana na huruma peke yake: mtu hulinda kisima anachokunywa. Wala haikuwa dawa ya kila ugonjwa. Yule ndege mdogo aliyechunguzwa na Stoddard amezidi kupungua sehemu nyingi tangu miaka ya 1960, kwa kuwa kilimo cha mashine kimefyeka vichaka ambavyo chama cha mbwa hakina mamlaka juu yake.

Basi je, desturi hiyo yaweza kuletwa Diani kama ilivyo? Haiwezi, na sababu ni sheria. Mwezi wa Mei mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Leseni za kuwinda ndege ziliendelea kutolewa miaka mingi baadaye, na wakati huo mbwa wa kuokota ndege waliweza bado kuonekana pamoja na mabwana wao. Siku hizo zimepita. Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013 imekataza uwindaji wa mchezo, nayo haimwachi wala yule awindaye kwa kitoweo chake mwenyewe. Mgeni mwenye bunduki ya bei kubwa na kijana mwenye rungu na mbwa watatu wako chini ya sheria moja. Wako wazee wa pwani waonao kwamba sheria hiyo ni nzito kwa mtu maskini, ambaye baba yake alikula kwale bila kuulizwa na mtu. Malalamiko yao si ya upuuzi. Lakini misitu waliyowindia baba zao ilikuwa mikubwa, na leo imebaki vipande vipande katikati ya nyumba, hoteli na barabara.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba vyama vya wawindaji wenye mbwa ni jambo la kizungu tu. Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Unguja, wako wasasi. Hao ni watu wa vijiji, wengi wao wakulima, ambao hutoka kwa makundi pamoja na mbwa kuwasaka nguruwe mwitu na wanyama wengine waharibuo mashamba, na pengine paa kwa ajili ya nyama. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 walikuwako wasasi walioundwa chini ya serikali, wakaitwa Wasasi wa Kitaifa.

Hapo mtu ataleta neno la dini, na ni vizuri liletwe. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa ajili hiyo wengi hawapendi mbwa nyumbani. Lakini dini hiyo hiyo imehalalisha mawindo ya mbwa aliyefunzwa, na wanazuoni wameeleza nani aitwe aliyefunzwa: akitumwa huenda, akikatazwa huacha, na akikamata hali. Tazameni jinsi maelezo hayo yanavyofanana na yale anayoyatafuta mwamuzi wa mashindano kule Marekani. Watu wawili wasiojuana kabisa, mmoja mwanachuoni na mmoja mwenye shamba la kuwindia, wameona jambo moja, kwamba mbwa asiyeshika amri hafai kwa mawindo.

Habari za Unguja zina upande wa huzuni pia. Chui wa kisiwa kile, aliyekuwa wa namna ya peke yake, alihesabiwa kuwa adui, akawindwa katika kampeni ya watu wote. Leo watafiti wengi wanaamini kwamba ametoweka kabisa, au kama yuko basi hana siku nyingi. Paa nunga, paa mdogo mwekundu ambaye duniani kote yuko Unguja na katika misitu michache ya pwani tu, alikadiriwa kufika kama 5,000 kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1980; mwaka 1999 makadirio hayakufika hata 1,000. Kukatwa kwa misitu kulichangia, na usasi wa mbwa ulichangia. Paa wengine walihamishiwa visiwa vidogo vya Chumbe na Mnemba ili mbegu isipotee, na mwaka 2004 msitu wa Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ukafanywa hifadhi ya taifa. Katika mambo hayo yote msasi ni mtu wa kusikilizwa. Ndiye ajuaye paa analala wapi na anapita njia gani, na mtaalamu aliyetoka chuoni hawezi kufika mbali akimdharau.

Turudi Diani. Msitu wa Diani umeandikwa na wataalamu wa ndege katika orodha ya mahali muhimu kwa ndege wa Kenya, sawasawa na vilima vya Shimba. Humo hupatikana shorobo wa pwani na tai wa kula nyoka, na ndege wengine wasioonekana kwa urahisi mahali pengine. Sehemu za msitu zilizosalimika vizuri ni za kaya, kama Kaya Diani na Kaya Kinondo, zilizolindwa na miiko ya wazee kabla serikali yoyote haijatunga sheria ya misitu. Mwaka 2008 Kaya Kinondo, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, iliingizwa katika urithi wa dunia. Mgeni aendaye kule hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, naye huambiwa asivunje hata kijiti.

Kororo hukaa katika misitu ya namna hiyo. Atakaye kumwona na ainue macho kwanza atafute mbega au kima mitini. Wanyama hao hula kwa ubadhirifu. Huangusha chakula wanapokula, na kororo hutembea chini yao wakiokota. Mbega na kima wakiondoka, kororo naye hupungukiwa. Watu waliounda shirika la kuwalinda mbega hapo Diani mwaka 1997, ambao wametundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke pasipo kugongwa na magari, wanamsaidia kororo pia, ingawa jina lake halimo katika vibao vyao.

Na mbwa je? Barabara ina ngazi, lakini mbwa azururaye hakuwekewa kitu. Mbega ashukaye chini kuvuka kiwanja huweza kukamatwa na mbwa, na wako waliojeruhiwa na kufa namna hiyo. Pwani, mbwa hufukua mayai ya kasa. Msituni, kororo mkubwa huweza kuruka mtini, lakini mayai yake yako chini katika majani, na vifaranga wa siku chache hawawezi kuruka. Mbwa hahitaji njaa ili aharibu, harufu yatosha.

Jinsi mbwa mmoja awezavyo kudhuru ilionekana nchini Nyuzilandi mwaka 1987. Kule yuko ndege aitwaye kiwi, asiyeweza kuruka kabisa. Katika msitu wa Waitangi watafiti walikuwa wamewafunga kiwi 24 vyombo vidogo vya redio ili wajue waendako. Kwa muda wa majuma machache 13 kati yao waliuawa. Aliyewaua alikuwa mbwa mmoja, jike, aliyekuwa akizurura bila mwenyewe. Wataalamu walikisia kwamba katika msitu mzima, uliokuwa na kiwi kama 900, huenda mbwa yule aliua hata 500. Kororo si kiwi, kwa kuwa ana mbawa. Lakini msitu wa Diani nao ni mdogo kuliko ule, na mbwa wanaozurura kandokando yake hawako mmoja.

Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyoonyesha upande wa pili. Mwaka 1894 mtu mmoja jina lake Richard Henry aliwekwa kuwa mlinzi wa kisiwa cha Resolution, akiwa na kazi ya kuwatafuta ndege wasioruka huko bara na kuwahamishia kisiwani mbali na adui zao. Ndege wale hutembea usiku na kujificha mchana, hata binadamu aweza kupita karibu nao asiwaone. Henry alitumia mbwa aliyefungwa mdomo ili asiume. Kwa pua ya mbwa huyo na wengine kama yeye aliwahamisha mamia ya ndege. Kazi yake iliharibika baadaye, wanyama walao nyama walipoogelea wakafika kisiwani, lakini njia yake haikusahauliwa. Mpaka leo serikali ya nchi ile ina mbwa waliofunzwa, baadhi yao wa aina zile zile za pointa na seta, ambao kazi yao ni kuonyesha alipo ndege ili ahesabiwe na kulindwa. Mbwa husimama kama baba zake walivyosimama. Anayemfuata nyuma, badala ya bunduki, ana daftari.

Karibu zaidi na Kwale, katika bandari ya Mombasa, mbwa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya hunusa makontena wakitafuta pembe za ndovu na vitu vingine vya magendo. Baadhi ya mbwa wa kazi kama hiyo Afrika Mashariki hufunzwa karibu na Arusha pamoja na askari wao. Ndovu wa Shimba hajui kama kuna mbwa bandarini, lakini mfanyabiashara wa pembe anajua.

Linabaki jambo la mkulima, ambalo katika mazungumzo ya hifadhi mara nyingi huachwa nje kama mtu asiyealikwa. Mtu mwenye shamba la mahindi au mihogo karibu na msitu ana nyani mchana na nguruwe usiku. Kumwambia asifuge mbwa ni kumwambia alime kwa ajili ya nyani. Mbwa wake ni mlinzi, na yafaa aheshimiwe kama mlinzi. Lakini mlinzi hukaa langoni. Mbwa abwekaye kando ya konde akimwona nyani amefanya kazi yake. Akimfuata mpaka ndani ya msitu ameacha lindo, na huko ndiko akutanako na viota. Mbwa alishwaye hasafiri sana. Wale wapewao makombo mara mbili kwa juma na kuachwa wajitafutie ndio wanaofanya makundi usiku, na mwenye mbwa asishangae kama mbwa huyo huyo aliyejifunza kuua msituni akaja kuua mbuzi wa jirani.

Kama watu wa Diani, Kinondo na Ukunda wangetaka kuwa na chama chao cha wenye mbwa, kisingekuwa cha kuwinda, na hakina haja ya pointa aliyetoka ng'ambo. Mbwa wa kienyeji ana akili ya kutosha kujifunza maneno matatu: njoo, kaa, acha. Chama kama hicho kingeweza kupatana juu ya miezi ya masika, wakati ndege wa chini wengi wanapotaga na kulea, mbwa wafungwe tangu jua kuchwa mpaka watu waende makondeni. Kingeweza kujua mbwa wa nani ni wa nani, ili anayezurura asiwe wa mtu yeyote kwa maneno huku akiwa wa mtu kwa kweli. Na kwa kuwa watu wake hupita kandokando ya msitu kila siku, kingeweza kuwaambia walinzi wa kaya na watu wa wanyamapori kororo wameonekana wapi na vifaranga wangapi.

Kuna faida nyingine ya mbwa kujulikana na mwenyewe. Serikali ya Kenya imekusudia kuondoa vifo vya kichaa cha mbwa kabla ya mwisho wa mwaka 2030, na ugonjwa huo huzuiwa kwa kuwachanja mbwa walio wengi katika kila kijiji. Mbwa azururaye hakamatiki siku ya chanjo. Mwenye mbwa aliyefikisha miezi mitatu na aulize katika ofisi ya mifugo iliyo karibu naye siku ya chanjo ni lini, ampeleke akiwa amefungwa kamba, na kadi apewayo aiweke, kwa maana chanjo hurudiwa kila mwaka. Mtu aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa robo saa, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wa nyumbani.